Pipa Lililopita Ukutani

Jep Sagols alikula chakula cha mchana kwa namna ileile siku zote, na aliyetaka kumkasirisha alimletea kitu kingine. Mkate uliosuguliwa kitunguu saumu. Pilipili hoho iliyochomwa mpaka ngozi ikababuka na kumenyeka yenyewe. Juu yake dagaa wa chumvi, waliooshwa na kunyofolewa mfupa, wamelazwa ubavu kwa ubavu kama watoto wa maskini. Mafuta ya zeituni, ya kuchuruzika, si ya kuogelea. Halafu kikombe kidogo, cha ukubwa wa kikombe cha kahawa chungu, kimejaa rancio.

Rancio ni mvinyo wetu sisi wa miteremko hii inayoangukia baharini, pale Ufaransa inapoishiwa na pumzi na Wakatalani wa upande wa pili wanapoanza. Watu wa Paris wakiuonja mara ya kwanza hukunja uso, wakauliza kama umeharibika. Ndiyo, umeharibika. Umeharibiwa na watu wanaojua kuharibu. Mvinyo wa kwingine huzikwa chini ya nyumba, gizani, kwenye ubaridi, kama maiti ya tajiri. Wetu hupandishwa darini, chini ya vigae, uungue kiangazi na utetemeke kipupwe, mpaka uache wekundu wake na kushika rangi ya chai iliyosahaulika mekoni. Unanukia jozi, ganda la chungwa, na sanduku la nguo za bibi. Ukiunywa peke yake utakugombeza. Ukiunywa na dagaa wa chumvi, au jibini kuukuu la kondoo, au konokono waliochomwa juu ya matawi ya mzabibu, basi ni chanda na pete. Mimi nimeunywa na vyote hivyo, tena siku moja, na bado nikarudi nyumbani kwa miguu yangu.

Sheria zake ni mbili, na mtoto wa kwetu huzijua kabla ya sala. Kwanza, pipa la rancio halijazwi mpaka juu. Lazima ibaki shubiri mbili za hewa, maana hewa ndiyo mpishi. Ukijaza mpaka mvinyo uguse kizibo, umeliziba pua. Pili, pipa haliguswi na maji. Halioshwi, halisuuzwi, halipanguswi ndani hata kwa kitambaa chenye umande. Chini kabisa kuna mashapo meusi, mazito, yaliyolala pale tangu enzi za mababu, na mashapo hayo tunayaita mama. Huchoti ukamaliza. Unachota kidogo, na baada ya mavuno, sikukuu ya Mtakatifu Martino, unalisha. Kila anayekunywa, alishe.

Pipa la akina Sagols lilikuwa maarufu kijiji kizima, na hapo ndipo mkosi ulipoanzia.

Mama yao, Eulalie, alikufa akiwaacha wanaume wawili: Sadurni, mkubwa, aliyepika melini miaka mingi akarudi na mke, Victorine, binti wa mvuvi, na Jep, mdogo, ambaye hakwenda popote wala hakuoa, akabaki na mama na mizabibu. Siku ya maziko, watu wamejaa nyumbani, Jep aliingia jikoni akamkuta kaka yake anamimina jagi zima la rancio kwenye kikaango cha kamba koche.

“Kaka, unafanya nini?”

“Napika. Au na macho yamekwenda na mama?”

“Hiyo ni rancio ya mama.”

“Najua ni ya mama. Mama mwenyewe aliitia kwenye kamba.”

“Alitia kijiko. Wewe umetia jagi! Rancio ni ya dagaa, ya jibini, ya jozi. Kikaangoni tia mvinyo wa dukani.”

Sadurni akageuka, mwiko mkononi, akaona mlango umejaa wageni wanaosikiliza. Alikuwa mtu wa kupenda hadhira. “Mnamsikia? Ndiyo maana hajaoa. Mwanamke gani ataishi na mtu anayekula dagaa na jozi kama panya wa bandarini?”

Watu walicheka. Nami nilikuwepo, sitakana, kicheko kilinitoka puani. Jep alisubiri kicheko kiishe.

“Afadhali panya,” akasema. “Panya angalau alikuwepo nyumbani mama alipokuwa anajisaidia kitandani.”

Kamba wakaungua, hakuna aliyewaondoa.

Ndani ya mwezi wakagawana kila kitu. Matuta ya juu kwa Jep, ya chini kwa Sadurni. Nyumba ikapigwa ukuta wa mbao katikati, kuanzia sakafuni hadi darini, na mlango wa pili ukatobolewa upande wa barabara. Vijiko viligawanywa. Kilichoshindikana ni pipa. Babu yao alikuwa amelijengea hukohuko darini, ubao kwa ubao, na hapakuwa na mlango wala dirisha la kulitoa bila kulivunja. Hakuna aliyekubali kumwachia mwenzake. Basi fundi akakata mbao za ukuta kufuata umbo la tumbo lake, pipa likakaa katikati, kichwa kwa huyu, miguu kwa yule. Kila upande ukapewa koki yake na kizibo chake. Ventura, mwenye mkahawa wa uwanjani, alisema katika Ufaransa nzima hilo ndilo pipa pekee lililopewa talaka likabaki kulala kitanda kilekile.

Tangu siku hiyo hawakusemezana tena. Walipishana kanisani, walipishana kwenye ushirika wa wakulima, walipishana kwenye ngazi za mawe za mlimani ambako kondoo wawili hawapishani, na kila mmoja aligeuza uso kutazama bahari kana kwamba ilikuwa imeletwa asubuhi ileile. Jep aliweka sheria yake ya tatu: mtu akitaja jina la Sadurni mbele yake, yeye ananyanyuka na kuondoka. Hakugomba, hakutukana. Alinyanyuka tu. Watu walijaribu mwaka wa kwanza, wa pili, kisha wakachoka kuongea na kiti kitupu. Jina likazoea kunyamaziwa.

Lakini pipa halikunyamaza. Ukuta wa mbao hauna siri. Saa ya mchana, Jep akiwa amepanda darini na kikombe chake, aliisikia koki ya pili. Ikikohoa mara mbili fupi, alijua Sadurni anapika. “Anatia tena kikaangoni, mshenzi,” alinong’ona. Ikitiririka kwa muda mrefu, alijua wana wageni. Na kila alipoisikia alifungua ya kwake haraka, asije akapunjwa. Kwa hiyo ndugu wawili wasiopeana hata salamu walikunywa pamoja kila mchana, miaka nenda miaka rudi, na ungemwambia Jep hivyo angenyanyuka.

Siku ya Mtakatifu Martino kila mmoja alipandisha mtungi wake mkubwa, akalisha kwa kizibo chake. Kisha Jep alitumbukiza fimbo kupima. Shubiri mbili za hewa. Daima shubiri mbili. Hakumpenda kaka yake, lakini kwa jambo hilo hakuwahi kumlaumu.

Halafu ukaja mwaka ambao fimbo ilisema vingine. Shubiri moja na nusu. Jep akafuta fimbo, akapima tena. Akajiambia joto halikuwa kali, hewa haijala sehemu yake. Kipupwe kikapita, upepo wa milimani ukavuma wiki nzima mfululizo ukibamiza vigae, na hapo darini akagundua alichokuwa anakikosa: koki ya pili haikohoi. Haikohoi fupi wala haitiririki ndefu. Alikaa na kikombe chake akisubiri mpaka mkate ukakauka mkononi. Kimya.

Mlimani nako mambo yalibadilika. Kwenye matuta ya chini aliyepogoa mizabibu alikuwa Victorine, amejifunga kilemba, na kibarua mmoja kutoka ng’ambo. Sadurni haonekani. “Bwana mkubwa siku hizi anaajiri,” Jep aliiambia mizabibu yake. Kigari cheupe cha mtu wa mjini kikawa kinaegeshwa mlangoni kwao asubuhi. “Amepata rafiki mwenye gari. Bila shaka anamlisha kamba.” Unacheka? Mtu akishaamua kuchukia, hata mvua atasema imeagizwa na adui yake.

Siku ya Mtakatifu Martino iliyofuata aliusikia mtungi wa upande wa pili ukipandishwa polepole, ukigonga kila ngazi, na mvinyo ukimiminwa. Alipotumbukiza fimbo ilitoka imelowa karibu mpaka kwenye vidole. Nafasi ya hewa ilikuwa upana wa vidole vinne. Mtu analisha, hachoti.

Akashuka moja kwa moja hadi mkahawani.

“Ventura. Mtu analisha pipa, hachoti. Mwaka wa pili sasa. Anataka nini?”

Ventura naye ana pipa lake. Aliacha kufuta bilauri. “Labda hana kiu.”

“Jirani yangu? Yule alizaliwa akilia apewe bilauri, si titi.”

“Watu hubadilika.”

“Pipa likijaa linakufa. Yeye anajua. Hata paka wetu alijua. Ameshindwa kulichukua, sasa anamzamisha mama.”

“Jep,” Ventura akasema, akaegemea meza kwa mikono miwili. “Keti unisikilize. Kuhusu Sadurni…”

Jep alikuwa ameshasimama.

“Mzee, kahawa yako ina moshi bado!”

“Nimeshiba.”

“Kaa, nakuambia, si la kugombana, ni la—”

Mlango ukajibu. Ventura aliitazama kahawa, kisha akaitazama meza yetu tuliyokuwa tunachezea karata. “Sasa nimfunge kamba?” akauliza. Tulikuwa tunajua wote. Kijiji kizima kilijua isipokuwa mtu mmoja, na huyo ndiye aliyetufundisha kunyamaza.

Alivumilia mpaka Juni. Kila siku fimbo, kila siku vidole vinne. Rancio ilianza kupoteza harufu ya jozi. Ama ilipoteza kweli, ama pua yake iliamua. Kisha siku moja ya joto akabeba mitungi yake yote ya kioo darini, akaiweka chini ya koki, akafungua.

Alikusudia kupunguza shubiri mbili tu, arudishe hewa. Naapa ndivyo alivyokusudia. Mtungi wa kwanza ukajaa, akaweka wa pili. Shubiri mbili zilipotimia mkono haukufunga. Akawaza kicheko cha siku ile ya maziko, panya wa bandarini, akaweka mwingine. Alasiri nzima mvinyo uliteremka, kwanza kwa kishindo, kisha kwa uzi. Jasho lilimwingia machoni. Na kutoka ng’ambo ya mbao, karibu kabisa, ikaja sauti ya mwanamke.

“Shemeji? Shemeji Jep, ni wewe?”

Jep aliacha mkono kwenye koki. Hakuwa ameisikia sauti hiyo ikimwita tangu ukuta ulipopigwa. Angeweza kusema ndiyo. Angeweza kusema nenda zako. Hata tusi lingefaa, maana tusi ni mlango. Koki iliendelea kutiririka katikati yao.

“Haya,” ikasema sauti. “Basi.” Na ngazi za upande wa pili zikalia moja baada ya nyingine.

Aliposimama uzi ulikuwa umekatika. Ndani yamebaki mashapo tu. Aliitoa mitungi hadi kwenye baraza la juu, akaipanga juani kama tufanyavyo sote, maana rancio haiogopi jua. Kisha akasubiri.

Alichokuwa anasubiri hakukijua siku hiyo. Alikijua baadaye, Julai, alipojikuta anakula mchana ukumbini badala ya darini, kiti kimeelekea mlango. Alikuwa anamsubiri Sadurni. Siku yoyote kaka yake angefungua koki, angekuta pipa tupu, angetoka mbio amevaa aproni akagonge mlango huu kwa ngumi na kumwita mwizi, panya, bwege. Jep alikuwa ameyapanga majibu yote. Mengine yalikuwa mazuri sana. Aliyasemea peke yake akicheka. Hakugusa mitungi. Dagaa bila rancio wakawa chumvi tupu, akaacha kuwala, akawa anakula nyanya na mkate kama mgonjwa. Agosti ikapita bila mvua. Darini kulikuwa na joto la tanuri, na mara mojamoja alisikia pipa likilia, tak, tak, kama mtu anayenyoosha vidole. Hakupanda kuangalia.

Siku chache kabla ya mavuno kengele ya kanisa ililia kile kilio chake cha taratibu. Jep alikuwa ananoa mikasi ya zabibu. Ventura akaja, kofia mkononi, akasimama mlangoni akiuziba wote.

“Leo hunyanyuki,” akasema.

“Nani?”

“Unajua nani.”

Jep aliendelea kunoa. Jiwe lilipita kwenye chuma, likarudi, likapita. “Maziko lini?”

“Kesho asubuhi. Utakuja?”

“Panya nao hualikwa?”

“Jep.”

“Nitakuja.”

Alikwenda, akatembea mwisho wa msafara, nyuma hata ya sisi tunaokwenda mazikoni kwa ajili ya chakula. Mwanawe Sadurni, binti anayeishi Toulouse, alimpa mkono bila kujua ni nani. Baada ya makaburini watu wakaingia kwa Victorine, na Jep akaingia nao kwa mlango ule uliotobolewa barabarani, ambao hakuwahi kuuvuka. Akasimama karibu na kizingiti. Kulikuwa na meza ndefu, mikate, pilipili hoho za kuchoma, sinia la dagaa. Kwetu waliobeba jeneza hawapewi kitu chochote kabla ya dagaa na rancio ya nyumba ya marehemu. Ndiyo adabu, bila hiyo mabega hayapoi.

Victorine alichukua jagi akapanda. Tukamngoja. Tukasikia juu yetu koki ikifunguliwa, kisha pumzi ndefu, kavu, kama ya mzee anayekaa kitini. Kisha hakuna. Koki ikafungwa, ikafunguliwa tena. Pumzi.

Alishuka na jagi tupu. Hakulia. “Pipa limekauka,” akasema.

“Pipa la Eulalie?” mmoja wa waliobeba akauliza. “Haliwezi kukauka. Hilo lilikuwepo kabla ya reli.”

“Mvinyo uko kwangu,” Jep akasema kutoka kizingitini.

Vichwa vyote vikageuka. Sijawahi kumwonea mtu huruma na hasira kwa wakati mmoja kama siku hiyo. Alitoka, Ventura akamfuata kumsaidia kubeba, wakapanda hadi barazani. Ventura alipoiona mitungi imepangwa juani, mingi kiasi kile, akasimama.

“Mvinyo wote huu? Umefanya nini, mtu wewe?”

“Alikuwa anamzamisha mama. Alikuwa analisha, hachoti.”

Ventura akakaa juu ya ukingo wa ukuta, kofia ikamwanguka. “Hachoti! Alikuwa hamezi, bwege wewe! Koo lilioza. Miaka miwili ametiwa uji kwa mrija, na muuguzi wa kile kigari cheupe. Hata mate yake mwenyewe alikuwa anayatema.”

Jep alikuwa ameinama kushika mtungi. Alibaki vilevile, ameinama, muda ambao mtu huchukua kusahau kwa nini aliinama. Kisha akaubeba, akashuka nao.

Ulimiminwa. Na hapa ndipo pabaya: ulikuwa mzuri. Jua la kiangazi lilikuwa limeufanyia kazi ya miaka. Nimeonja rancio za kila nyumba kuanzia hapa hadi mpakani, hakuna jambo ninalolijua zaidi ya hilo, na nakuambia ule ulikuwa mvinyo wa kumfanya mtu avue kofia. Ulishika chumvi ya dagaa, ukaigeuza tamu, ukaacha jozi nyuma ya ulimi kwa muda mrefu. Wabeba jeneza walitazamana. “Mtakatifu Vincent!” mmoja akanong’ona, akimwita mlinzi wa wakulima wa zabibu, na kila mtu akanyoosha kikombe tena. Watu walianza hata kuzungumza kwa sauti. Jep alikuwa na dagaa mmoja mdomoni tangu mwanzo, hashuki wala harudi.

Victorine alikuja akakaa kando yake.

“Kula, shemeji. Kwangu hafukuzwi mtu mezani.”

Alimeza kwa nguvu. “Nilikusikia siku ile. Juni.”

“Najua ulinisikia. Na yeye alikusikia. Kitanda chake kilikuwa chini ya pipa kabisa, alitaka kiwekwe hapo. Nikashuka nikamwambia, mdogo wako anachota vibaya, anachota kama mtu anayezima moto. Alikuwa na sauti kidogo bado. Akasema, ‘Mwache anywe. Anakunywa zamu yangu.’ Usiku huo alilala vizuri.”

“Sikunywa,” Jep akasema. “Hata tone.”

Victorine akamsogezea mkate. “Hilo ungekaa nalo mwenyewe.”

Jep alizungusha kikombe. “Kama hakunywa, kwa nini alilisha? Mtungi mzima, mwaka hadi mwaka?”

“Ni mimi nilipandisha mtungi, mgongo wangu ndio unajua. Nilimuuliza hivyohivyo. Akasema, ‘Jep ana fimbo yake, anapima kila siku. Nisipolisha atajua naumwa, atakuja kunionea huruma.’ Hakutaka huruma yako. Alisema, ‘Ngoja lijae, atakuja kunigombeza.’” Victorine akakung’uta makombo mapajani. “Alikusubiri uje umtukane. Kila nikifungua mlango aliinua kichwa.”

Hapo Jep alinyanyuka. Safari hii hakuna aliyetaja jina; miguu ilijua kazi yake tu. Lakini alipofika kizingitini akasimama, akarudi, akakaa.

Siku ya tatu Ventura alimkuta darini, amezungukwa na mitungi iliyobaki.

“Naurudisha,” Jep akasema. “Wote. Mama yumo chini bado. Akilishwa ataamka.”

Ventura aligonga pipa kwa kifundo cha kidole, likalia kama ngoma. Akapitisha ukucha kati ya ubao na ubao, ukaingia. “Limenywea, angalia. Kiangazi kizima bila kitu tumboni. Loweka kwanza na maji, siku mbili tatu, mbao zivimbe zishikane. Ndipo utie.”

“Maji?”

“Maji, ndiyo. Kila fundi wa mapipa atakuambia.”

“Kwenye pipa la mama? Maji hayajawahi kuingia humu tangu babu. Nimuue na mama kwa mkono wangu?”

“Jep, litavuja.”

“Mvinyo utalivimbisha. Linaujua.”

Ventura alimwangalia, akavaa kofia. Nisimlaumu mtu: nami, na ulimi wangu huu wote, nisingethubutu kutia maji. Tumelelewa hivyo. Ventura alishuka, na Jep akafungua kizibo, akamimina mtungi wa kwanza taratibu sana, kama anayemnywesha mtoto. Kisha wa pili. Hakusikia kitu ila mvinyo ukianguka gizani juu ya mashapo makavu. Akatia wote.

Mwanzo ilikuwa jasho tu. Matone madogo ya rangi ya kahawa yalijitokeza kati ya mbao, yakasimama, kana kwamba pipa linafikiri. Kisha yakaungana. Kisha ikawa michirizi, kwa tumbo lote, upande wa Jep na upande wa pili wa ukuta, ambako macho yake hayafiki lakini masikio yanafika. Akabana ufa mmoja kwa kiganja, mvinyo ukatokea penye kidole. Akavua shati akabana na shati. Harufu ilijaa darini, jozi na machungwa, ungesema ni Krismasi.

Ngazi za ng’ambo zikalia.

“Shemeji,” Victorine akasema nyuma ya mbao. “Kitandani kwangu kunadondoka.”

“Ni mvinyo.”

“Nanusa. Unaweza kuuzuia?”

“Hapana.”

Akamsikia anakwenda, anarudi, na kitu cha bati kikiwekwa sakafuni, na tone la kwanza likigonga.

“Una beseni huko?” Victorine akauliza.

“Ninalo moja.”

“Weka chini ya tumbo, si chini ya koki. Likijaa niambie.”

Jep akaliweka. Akapiga magoti akalishikilia, ingawa halikuwa na haja ya kushikiliwa.

“Utaufanyia nini?” akauliza. “Una vumbi la miaka.”

“Siki,” Victorine akasema. “Ya kulowekea pilipili. Hakuna lingine la kuufanyia.”

“Siki,” Jep akasema.

Wakakaa hivyo, yeye huku na yeye kule, wakisikiliza. Upande wa Jep uliacha kudondoka kwanza. Wa pili uliendelea mpaka jua likahama kwenye vigae, na kila baada ya muda Victorine aliuliza kama beseni limejaa, na Jep, ambaye beseni lake lilikuwa nusu na halikuongezeka tena, alijibu, “Bado, shemeji. Bado.”